Meza ya Wajane na Lugha ya Ibada: Utumishi Mwaminifu Kama Nguzo ya Umoja Kanisani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutumiwa sana katika siasa na katika malezi, lakini ni nadra kusikika ikitumiwa kuhusu kanisa, ilhali huko ndiko nyufa ndogo huachwa kwa muda mrefu zaidi, watu wakihofia kuonekana wanazua fitina mahali patakatifu. Muumini anayelalamika kwamba kikundi fulani hupendelewa huambiwa aombe. Anayeuliza hesabu za mchango huambiwa asihukumu. Baada ya miaka michache kikundi kizima huhama na kwenda kuanzisha kanisa jingine ng'ambo ya barabara, na walioachwa nyuma hushangaa ukuta ulibomoka lini.

Umoja ni miongoni mwa mada zinazohubiriwa sana katika makanisa ya Kenya. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba umoja wa kanisa haujengwi na mahubiri kuhusu umoja. Hujengwa na utumishi mwaminifu katika mambo yanayoonekana madogo: nani anagawa, nani anahesabu, nani anafasiri, nani anasikilizwa, na haya yote hufanywa kwa lugha gani. Swali hili la mwisho, la lugha, ndilo linaloifanya mada hii imhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili, hata yule asiyeketi kanisani kila Jumapili.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa lugha na chakula

Wakristo wengi hudhani kwamba kanisa la mwanzo halikuwa na migawanyiko, na kwamba ukabila na upendeleo ni magonjwa ya siku hizi. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakikubaliani nao. Sura ya sita inaeleza kwamba, idadi ya wanafunzi ilipokuwa ikiongezeka Yerusalemu, yalizuka manung'uniko. Upande mmoja walikuwako Wayahudi waliosema Kiyunani, ambao aghalabu walikuwa na asili ya ughaibuni. Upande wa pili walikuwako wenyeji waliosema lugha ya Kiebrania. Wajane wa wale wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mwandishi hasemi kwamba kulikuwa na njama. Yamkini waliogawa waliwatambua kwanza wale waliowafahamu, walioomba kwa lugha waliyoielewa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hasa ikiwa mwenye njaa analia kwa lugha ngeni.

Namna mitume walivyolishughulikia jambo hilo inastahili kuchunguzwa kwa makini. Hawakukana malalamiko wala kuwakemea walalamikaji kwa kuleta mgawanyiko. Waliuita mkutano wa waumini wote badala ya kulimaliza neno faraghani. Waliwataka waumini wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema. Kisha, baada ya uchaguzi, waliwakabidhi kazi hiyo rasmi kwa sala na kuwekewa mikono, jambo linaloonyesha kwamba kugawa chakula hakukuchukuliwa kuwa kibarua cha watu duni. Majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani. Ndiyo maana wafafanuzi wengi wa Biblia huona kwamba jumuiya iliwakabidhi upawa watu wa upande ule ule uliokuwa ukinyimwa.

Funzo hapa ni zito. Malalamiko yalikuwa ya haki, na dawa yake ilikuwa mgawo mpya wa madaraka. Isitoshe, matini ya Kiyunani hutumia neno moja, diakonia, kwa huduma ya meza na kwa huduma ya Neno. Kwa kipimo hicho, mhubiri na mgawaji wa unga wanafanya kazi ya jina moja. Kanisa linaloheshimu mimbari na kudharau jiko limekwisha kuupoteza msamiati wake lenyewe.

Mipaka iliyorithiwa

Ili kuelewa ugumu wa umoja katika makanisa ya Kenya, sharti historia itazamwe japo kwa ufupi. Wamisionari wa Kiprotestanti waliofika baada ya Krapf kutua Mombasa mwaka 1844 walikuja kugawana maeneo ya kazi. Waskoti walijikita hasa Ukikuyu, Wamethodisti wakaimarika Pwani na Meru, Misheni ya Afrika Inland ikaenea Ukambani na katika Bonde la Ufa, Marafiki, yaani Wakweka, wakaanzia Kaimosi mwaka 1902, nao Waadventista wakaanzia Gendia, Nyanza Kusini, mwaka 1906. Mpango huo ulipunguza mashindano baina ya wageni, lakini uliwaachia wenyeji urithi mgumu: mara nyingi dhehebu na kabila vilivaa kanzu moja. Hadi leo, katika sehemu nyingi za nchi, ukiambiwa mtu anasali wapi unaweza kukisia anakotoka, na ukiambiwa anakotoka unaweza kukisia anasali wapi.

Wapo waliojaribu kuuvuka mpaka huo mapema. Mwezi Juni mwaka 1913, wajumbe wa misheni kadhaa walikutana Kikuyu kujadili ushirikiano, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Kiskoti. Habari hizo zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliwashtaki maaskofu wenzake kwamba wameiasi imani, na mzozo ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Hivyo meza iliyoandaliwa kuwa ya umoja ikazua ugomvi uliovuka bahari.

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Umoja wa misheni uliundwa mwaka 1918. Shule ya Alliance ikafunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Baraza la Kikristo la Kenya, ambalo ndilo mzazi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK), likaundwa mwaka 1943. Nacho chuo cha theolojia cha Limuru kikawa cha ushirikiano wa madhehebu mwaka 1955, na sasa ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Madhehebu hayo hayajawa kanisa moja, na mazungumzo ya muungano yaliyofanyika Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 hayakufika mwisho uliotarajiwa. Lakini pale yalipokubaliana kufundisha pamoja, kulea wachungaji pamoja na kuhudumia wakimbizi pamoja, yaliweza kuketi pamoja. Kazi ilifika mahali ambapo maazimio yalikwama.

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa ukweli huo. Kwa muda mrefu Wakristo wa Afrika Mashariki hawakuwa na Biblia moja ya Kiswahili. Ilikuwako iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake wa Zanzibar, kwa lahaja ya Kiunguja. Ilikuwako ya Mombasa, kwa Kimvita, iliyokamilika mwaka 1914. Na ilikuwako ya Mjerumani Karl Roehl, iliyokamilika mwaka 1937. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mwaka 1928, wafasiri walikaa chini kutafuta tafsiri ambayo Mwanglikana wa Mombasa na Mlutheri wa bara wangeweza kuisoma kwa sauti moja. Biblia hiyo ya Muungano ilitoka kamili mwaka 1952. Ni rahisi kusahau kwamba nyuma ya kila aya kulikuwa na watu waliokubali neno la lahaja yao liachwe ili ndugu aelewe. Huo ni utumishi wa kanisa, ingawa hakuna aliyeupigia vigelegele.

Ibada tatu, kanisa moja?

Leo hii, katika makanisa mengi ya mijini nchini Kenya, ratiba ya Jumapili imegawanywa kwa lugha. Ipo ibada ya Kiswahili, ipo ya Kiingereza, na mahali pengine ipo ya lugha ya mama. Kwa mtazamo wa kwanza mpangilio huu ni wa huruma: kila mtu apate chakula kwa lugha aielewayo. Ni kweli kwamba umewasaidia wengi. Tatizo huanza pale lugha inapogeuka kuwa daraja la watu.

Mara nyingi ibada ya Kiswahili huwekwa alfajiri, kwa hoja kwamba mfanyakazi wa nyumbani, bawabu na mwenye kibanda cha mboga wanahitaji kuwahi kazini. Ibada ya Kiingereza hupewa saa za katikati ya asubuhi, kwaya yenye vyombo vipya na mhubiri mgeni. Matangazo ya semina za uchumi hutolewa katika ibada moja. Matangazo ya kufagia na kupika siku ya sherehe hutolewa katika nyingine. Kamati ya ujenzi hutoka kwa wasemaji wa Kiingereza, kisha mchango wa ujenzi hugawanywa kwa wote. Mtoto wa mwenye gari na mtoto wa mpishi wake huweza kukulia katika kanisa moja kwa miaka 15 bila kuimba wimbo mmoja pamoja. Waumini hawa hawagombani, kwa sababu hata hawakutani. Amani ya watu wasiokutana si umoja.

Linganisha hali hiyo na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za Kanisa Katoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Msingi wa jumuiya hizo ni ujirani. Katika mitaa ya Nairobi, Mombasa au Nakuru, majirani hukutana nyumbani kwa zamu, nyumba ya chumba kimoja na nyumba ya vyumba vinne, husoma Injili, hujadili ni nani amelazwa hospitalini na ni nani amefiwa, kisha hupanga nani aende. Kwa kuwa majirani wa mjini hawakuchaguana kwa kabila, aghalabu Kiswahili ndicho huwa lugha ya kikao. Jumuiya hizi nazo zina kasoro zake. Ziko zilizobaki kuwa za akina mama peke yao, na ziko zinazofufuka tu wakati wa kukusanya michango. Lakini zina jambo moja ambalo ratiba ya ibada tatu haina: humlazimu mtu kuketi kitini kwa mwenzake.

Gharama ya utengano

Msomaji anaweza kuona kwamba suala la saa za ibada ni dogo mno kuandikiwa makala. Historia ya karibuni inamjibu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo tarehe 1 Januari 2008, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Katika eneo hilo hilo la Eldoret, maelfu walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa kuu la Katoliki. Jengo la kanisa peke yake, basi, halikuwa kinga. Baadhi ya waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa jina lile lile.

Mwezi Februari mwaka huo viongozi wa NCCK walikiri hadharani kwamba walishindwa kuikabili hali hiyo ipasavyo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Ungamo hilo lilikuwa la heshima. Lakini upendeleo haukuzaliwa mwezi wa Desemba. Ulikuwa umelelewa kwa miaka katika kamati za kabila moja, katika vicheko vya lugha moja baada ya ibada, na katika michango ya wanasiasa iliyopokewa bila maswali. Ni jambo la kutia moyo kwamba mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini, na kwamba mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika parokia moja yarejeshwe. Hatua hizo ni za juu. Zitadumu tu iwapo huko chini, parokiani, yupo mweka hazina asiyeona haya kurudisha bahasha.

Utumishi mwaminifu ni upi?

Neno "mtumishi" limepanda cheo siku hizi. Katika mazungumzo ya kila siku, "mtumishi" ni mchungaji, na mara nyingi ni mchungaji mwenye kiti cha mbele, kipaza sauti na mtu wa kumbebea Biblia. Maana ya asili, ya mtu anayetumwa na kutumika, imesukumwa pembeni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtumishi anayesifiwa kuliko kazi yake hatimaye huigeuza kazi kuwa njia ya kupata sifa. Kipimo cha utumishi unaounganisha kinapaswa kuwa kingine, na kinaweza kutajwa bila maneno makubwa.

Kwanza, mweka hazina mwaminifu husoma hesabu za mapato na matumizi mbele ya watu wote, kwa lugha ambayo mchangaji mdogo kabisa ataielewa. Hesabu zilizobandikwa ukutani kwa Kiingereza cha wahasibu ni siri iliyoandikwa. Pili, wanaosimamia ugawaji wa msaada, karo za watoto na nafasi za kazi wateuliwe kwa kuwashirikisha wanaolalamika, kama Yerusalemu ilivyofanya. Tatu, saa nzuri ya ibada izungushwe. Kiswahili kipewe saa nne asubuhi angalau Jumapili moja kwa mwezi, na siku hiyo ibada zote ziwe moja. Nne, mkalimani atambuliwe kuwa mhudumu kamili, afunzwe na apewe mahubiri mapema, kwani mkalimani anayebahatisha humnyima msikilizaji nusu ya mlo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba lugha ya mama ndiyo lugha ya moyo, na kwamba siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake. Hoja hii ina nguvu. Bibi kizee wa kijijini aliyejifunza kusali kwa Kikamba au Kiturkana hapaswi kunyang'anywa sala yake kwa jina la umoja wa taifa, na Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa fimbo kikilazimishwa mahali ambapo wengi hawakifahamu. Lakini ikumbukwe kwamba watu wa Pentekoste walisikia ujumbe mmoja wakiwa mahali pamoja. Hawakugawanywa kwa zamu. Kanuni, basi, ni kwamba sikio la mnyonge kabisa miongoni mwa waliopo ndilo liamue lugha itakayotumiwa, na wengine wafasiriwe. Kijijini huenda lugha hiyo ikawa ya mama. Mjini, mara nyingi, itakuwa Kiswahili.

Wengine watadai kwamba vijana hawataki Kiswahili, na kwamba bila Kiingereza kanisa litawapoteza. Vijana hao hao huongea Kiswahili na Sheng kuanzia langoni mwa chuo hadi kwenye matatu. Kinachowachosha ni Kiswahili kilichotayarishwa kwa haraka, chenye misamiati iliyochakaa na tafsiri za nyimbo zisizoimbika. Tatizo hilo lina dawa, na dawa hiyo iko mikononi mwa watu wanaojulikana.

Wito kwa wanafunzi wa Kiswahili

Katika vyuo vikuu vya Kenya, mikutano ya vyama vya Wakristo huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayesomea isimu na fasihi ya Kiswahili huweza kuandika tasnifu nzima kuhusu nadharia ya tafsiri, kisha akaketi kimya kanisani kwao huku mkalimani asiyefunzwa akigeuza "neema" kuwa "bahati". Ujuzi usiotumika ni taa iliyofunikwa kwa pishi. Kanisa la nyumbani lina kumbukumbu za mikutano zinazosubiri mwandishi, katiba inayosubiri kufasiriwa, kwaya inayosubiri mtunzi, na wazee wasiojua barua ya hospitali inasema nini. Kazi hizi hazina cheo, na nyingi hazina malipo. Lakini anayezifanya huwafikia watu wa kila kabila na kila kipato, na wiki baada ya wiki huwazoesha kuketi meza moja.

Hitimisho

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kanisa la kikundi kimoja haliwezi kuponya taifa la vikundi vingi. Waumini wa Yerusalemu walisikia manung'uniko ya wajane, wakabadilisha wagawaji, na mwandishi wa Matendo anaeleza mara tu baada ya hapo kwamba idadi yao iliongezeka. Makanisa ya Kenya yana wajane wao, na kila Jumapili wengine wao husikia alfajiri kile ambacho wenzao watasikia saa nne kwa raha zaidi. Halmashauri ya kanisa inayotaka umoja haina haja ya kuandaa kongamano jipya. Inaweza kuanza kwa kuchukua ratiba ya ibada, orodha ya kamati na daftari la hesabu, ikaviweka mezani, na kuuliza ni nani ambaye jina lake halimo.